Auto Hairudi Nyuma? Historia ya Kuondoka Mlimani, Kuanzia Machela ya Karagwe Hadi IST ya Kyerwa

Kuna sentensi moja inauzwa pamoja na kila gari la auto hapa Bongo. Muuzaji anakuonyesha rimu, anawasha redio, anafungua buti, halafu anamalizia na ile ya kukumaliza: "Na hii ni auto bosi, mlimani hairudi nyuma." Mnunuzi anatabasamu. Rafiki aliyekuja kumsindikiza anakubali kwa kichwa kama vile yeye ndiye aliyeitengeneza. Hela inatoka.

Kwa Dar es Salaam sentensi hiyo haina madhara makubwa. Mtu anaweza kuzunguka Mbagala, Kariakoo na Sinza mwaka mzima asikutane na mlima wa kumtoa jasho. Mtihani unakuja Desemba, gari linapofungwa safari ya kwenda nyumbani. Dodoma inapita, Singida inapita, Kahama inapita, zaidi ya kilomita 1,300, na hatimaye ardhi inaanza kukunjamana. Hapo ni Karagwe. Ukiendelea mbele kuelekea Uganda ni Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Dereva anasimama katikati ya mlima kwa sababu mbele kuna lori limekwama au ng'ombe wanavuka. Anaachia breki aende. Gari linaenda kweli, ila kinyumenyume.

Sasa, ukisikia kijiweni, watu wataanza kubishana: kosa la gari, kosa la dereva, au kosa la barabara? Ukweli una historia ndefu kuliko hiyo IST. Swali la nani anashika uzito pale mlimani, kile kisekunde kati ya kusimama na kuondoka, limekuwepo Karagwe kabla hata gurudumu la kwanza halijafika. Na kila zama ilikuwa na jibu lake.

NCHI YA MIGONGO

Kwanza ujue eneo lenyewe. Karagwe na Kyerwa ziko kwenye kona ya kaskazini magharibi ya Tanzania, Rwanda upande mmoja na Uganda upande mwingine, mto Kagera ukiwa ndio uzio. Ardhi yake ni migongo mirefu ya vilima na mabonde katikati. Sehemu kubwa ya makazi iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kayanga, Bugene, Omurushaka, Nkwenda, Isingiro, Kaisho, Murongo: kutoka mji mmoja kwenda mwingine ni lazima upande na ushuke, kisha upande tena.

Watu wake, Wanyambo, hawakuona tabu. Migomba inakubali, kahawa inakubali, maharage yanakubali, ng'ombe wa pembe ndefu wanapata majani. Mlima kwao ndio utajiri. Tabu ilikuwa kwa yeyote aliyekuja na mzigo.

Mzigo mmoja maarufu uliingia Novemba 1861. Wazungu wawili, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwenye ikulu ya mfalme Rumanyika wa Karagwe wakitafuta chanzo cha mto Nile. Rumanyika aliwapokea vizuri, na Speke mwenyewe aliandika sifa zake kwa kirefu. Lakini mguu wa Grant ulipata kidonda kibaya sana, akawa hawezi kutembea. Januari 1862 Speke akaondoka kwenda Buganda, mwenzake akabaki Karagwe. Grant alikuja kuondoka mwezi Aprili, akiwa amebebwa kwenye machela.

Tulia hapo kidogo. Mtu mzima amelazwa kwenye machela, anapandishwa na kushushwa vilima vya Karagwe kwa mabega ya watu ambao majina yao hakuna kitabu kilichojali kuyaandika. Hawana breki. Hawana gia. Wakitaka kupumzika katikati ya mlima, kuna mtu lazima ashike uzito wakati mwingine anabadilisha bega. Anayeachia kabla mwenzake hajashika, mgonjwa anaporomoka.

Kanuni nzima ya kuondoka mlimani iko hapo: usiachie mpaka mwingine ameshika. Mambo mengine yote yaliyofuata, klachi, hendibreki, giaboksi ya auto, ni njia tofauti za kuitii kanuni hiyo hiyo.

ZAMA ZA UTINGO NA JIWE LAKE

Magari yalipokuja wakati wa ukoloni wa Mwingereza, yalikuja kwa ajili ya mizigo. Kahawa ilitakiwa ifike Bukoba kwenye ziwa. Kyerwa kulikuwa na madini ya bati yaliyochimbwa milimani. Barabara zilikuwa za udongo, masika zikigeuka sabuni.

Lori la zama zile lilikuwa na gia ngumu. Dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili ili kubadilisha gia moja, na akikosea katikati ya mlima anabaki hana gia yoyote mkononi. Lori linasimama, halafu linaanza kurudi.

Piga hesabu. Kwenye mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, karibu sehemu ya kumi ya uzito wa gari inalivuta kurudi nyuma. Lori la tani 20 linavutwa na tani 2 hivi. Breki za wakati ule, zikiwa zimelowa na zimechakaa, hazikuwa za kutegemea.

Ndiyo maana lori lilikuwa na mtu wa pili: utingo. Wengi wanamkumbuka utingo kama yule kijana mchafu anayening'inia nyuma na kupiga bodi kwa kiganja. Kazi yake kubwa ilikuwa nyingine. Lori likianza kuishiwa nguvu mlimani, yeye anaruka chini na jiwe au kipande cha gogo, anakimbia, anakisukumiza nyuma ya tairi kabla lori halijapata kasi ya kurudi. Dereva akisikia lori limetulia, anapanga gia upya, anaondoka. Utingo anaokota gogo lake na kudandia lori likiwa linatembea.

Soma tena sentensi hiyo. Kijana anaweka mkono wake nyuma ya tairi la lori lililobeba tani kadhaa, kwenye utelezi, kwa ujira mdogo kuliko wote kwenye safari ile. Hiyo ndiyo ilikuwa "teknolojia ya kuzuia gari lisirudi nyuma". Ilikuwa na mikono miwili na haikuwa na bima.

Na ilikuwa na tatizo jingine ambalo madereva wa usiku wanalijua vizuri: mawe yaliyosahauliwa barabarani. Lori limeondoka, jiwe limebaki. Anayekuja nyuma na pikipiki analikuta gizani.

Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Ngara na Karagwe, malori ya misaada yalijaa kwenye barabara hizi hizi za vumbi. Dereva, utingo, na jiwe walikuwa bado kazini.

MGUU WA KUSHOTO ULIPOKUWA CHETI

Magari madogo nayo yalikuwa na jibu lake, na jibu hilo lilikaa kwenye mguu wa kushoto wa dereva. Ukimpa mzee aliyejifunzia gari miaka ya 1970 nafasi ya kuongea, atakusimulia mtihani wa kiberiti. Unasimamisha gari mlimani, mwalimu anaweka kiberiti nyuma ya tairi. Unaondoka. Kiberiti kikipondwa, umefeli.

Siri ilikuwa "kubalansi". Mguu wa kushoto unaachia klachi polepole mpaka injini ibadilishe sauti na pua ya gari iinuke kidogo. Hapo injini imeshaanza kushika uzito. Ndipo unashusha hendibreki. Wale wapagazi wa machela wangemwelewa mara moja: mwingine ameshika, sasa achia.

Ujuzi huu ulikuwa na heshima yake kwa sababu magari yenyewe yalikuwa ya kuhesabu. Kuingiza gari binafsi kutoka nje ilikuwa shughuli pevu, kwa kuwa fedha za kigeni zilisimamiwa na serikali. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa maswali mengi. Kuanzia hapo na miaka iliyofuata ya rais Ali Hassan Mwinyi, bidhaa za nje zikaongezeka. Magari yaliyotumika ya Japani nayo yakaanza kuingia, kwanza kidogo kidogo, baadaye kwa meli nzima.

Na hapo ndipo hadithi inahamia mbali kidogo, kwa sababu hizo gari zilikuja na wazo lililozaliwa kwingine kabisa.

WATU WALIOUCHUKIA MGUU WA KUSHOTO

Huko Ulaya na Marekani, watu walikuwa wamechoka na klachi kabla hata Karagwe haijazizoea.

Mwaka 1905 mhandisi wa Ujerumani, Hermann Föttinger, alisajili uvumbuzi wa kupitisha nguvu ya injini kwa kutumia kimiminika badala ya vyuma vinavyogusana. Hakuwa anawaza magari. Alikuwa anawaza meli. Wazo lake ni rahisi kulielewa: chukua feni mbili, zielekeze uso kwa uso, washa moja. Upepo wa ile ya kwanza utaizungusha ya pili, ingawa hazijagusana. Sasa badala ya upepo weka oili, na ufungie vyote ndani ya chombo kimoja. Injini inazungusha feni ya kwanza, oili inasukuma feni ya pili, feni ya pili inazungusha magurudumu.

Mwaka 1936 kampuni ya Studebaker ya Marekani ilijaribu njia nyingine. Iliacha klachi ilivyo, ikaweka kifaa kinachoshikilia breki gari likiwa mlimani mpaka dereva atakapoachia klachi. Yaani utingo wa chuma. Ona tu jinsi shida ya mlima ilivyowasumbua hata wenye lami.

Kisha General Motors ikatoa Hydra-Matic kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Ndiyo giaboksi ya auto ya kwanza kuuzwa kwa wingi. Vita ya pili ya dunia ilipopamba moto, giaboksi hiyo ikafungwa hata kwenye vifaru vya Marekani. Mwaka 1948 Buick ikaja na Dynaflow, iliyotumia toleo bora zaidi la zile feni za oili, lililoweza kuongeza nguvu ya mzunguko pale gari linapoanza kuondoka.

Kulikuwa na makosa pia, na makosa hayo ndiyo yaliyoandika herufi unazoziona kwenye gia. Zamani kila kampuni ilipanga herufi zake inavyotaka, na kuna magari ambayo R ilikaa jirani na gia ya kwenda mbele. Dereva anataka kwenda mbele, anajikuta anarudi nyuma. Miaka ya 1960 sheria za usalama za Marekani zikalazimisha N ikae katikati ya R na D. Ule mpangilio wa P, R, N, D unaoukariri leo ulitokana na ajali za watu.

Japani ikafuata. Mwaka 1959 Toyota ilitoa giaboksi yake iliyoitwa Toyoglide. Mwaka 1969 kampuni ya Aisin iliungana na Borg-Warner ya Marekani kuanzisha kiwanda cha giaboksi za auto. Na mwaka 1991 Japani ikaanza kutoa leseni maalum kwa ajili ya auto tu. Mjapani akawa anaweza kuishi maisha yake yote ya udereva bila kukanyaga klachi hata mara moja.

Fikiria maana ya hilo. Gari ambalo dereva wake wa kwanza huko Nagoya hakuwahi kufundishwa kubalansi, linauzwa, linapanda meli, linashuka bandari ya Dar es Salaam, linasajiliwa, na mwisho linafika Nkwenda. Barabara lilizozoea zilikuwa na lami, alama na mlinzi wa parkingi. Sasa limekutana na mlima wa kifusi siku ya mvua.

KWA NINI BASI INARUDI?

Turudi kwenye feni zetu mbili. Ukiweka D na kuachia breki kwenye tambarare, gari linatambaa lenyewe taratibu. Injini ikiwa sailensa inazungusha feni ya kwanza polepole, oili inasukuma kidogo, gari linasogea. Huo msukumo mdogo ndio uliomdanganya muuzaji wa gari na wewe. Kwenye kamteremko kadogo unatosha kulizuia gari lisirudi. Ndiyo maana Dar uliamini.

Lakini oili si kabari. Hakuna chuma kinachomzuia mtu hapo. IST tupu ina uzito wa karibu tani moja. Weka watu wazima watano na gunia la maharage, unakaribia kilo 1,500. Kwenye ule mlima wetu wa mita 10 kwa 100, gari hilo linavutwa nyuma kwa uzito wa kama kilo 150, sawa na watu wazima wawili wamelidandia. Msukumo wa sailensa ukizidiwa, feni zinateleza na gari linarudi huku liko kwenye D, taa ya D inawaka vizuri kabisa kwenye dashibodi.

Kuna vitu vingine vitatu ambavyo Karagwe inaongeza juu yake.

Cha kwanza ni hewa. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu iliyokuwa nayo ufukweni. Ile IST iliyokuwa moto Mikocheni, Kayanga inaanza kuhema.

Cha pili ni magurudumu. IST na Probox nyingi zinavutwa na tairi za mbele. Gari likipanda mlima likiwa limejaa, uzito unaegemea nyuma, tairi za mbele zinakuwa nyepesi. Kwenye kokoto au tope zinazunguka tu bure. Ndiyo maana kuna madereva wa vijijini wanaogeuza gari na kupanda mlima kwa rivasi, na wageni wanacheka. Wasicheke. Yule mtu ameweka uzito juu ya tairi zinazovuta. Amesoma fizikia kwa njia yake.

Cha tatu ni mzigo. Probox, ambayo wengi kanda ya Ziwa wanaiita mchomoko, ilitengenezwa kusambaza bidhaa za maofisini Japani. Huku inabeba abiria mbele wawili, nyuma wanne, kwenye buti wengine, na mkungu wa ndizi juu. Hendibreki iliyopangwa kushikilia gari la kawaida sasa inaombwa kushikilia ukoo.

Lami nayo imekuja na mambo yake. Barabara ya Kyaka hadi Bugene ilipowekwa lami miaka ya 2010, safari ya Bukoba ikawa fupi na biashara ikachangamka. Watu wakanunua magari madogo ambayo zamani yasingethubutu. Lakini lami ikiisha, unaingia vumbi, na mlima ni ule ule.

"GARI LA KINA DADA"

Kuna kejeli moja ambayo haifi: kwamba auto ni gari la kina dada, na mwanaume wa kweli anapiga gia. Kejeli hii imegharimu zaidi ya heshima ya watu. Mtu akishaamini kuwa auto ni gari la kitoto, hahitaji kujifunza chochote juu yake. Anapewa ufunguo, anaambiwa "D mbele, R nyuma, basi", na siku hiyo hiyo anapanda mlima.

Kwa haki kabisa, hii giaboksi imefungulia watu wengi mlango. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mwalimu aliyejifunza gari ana miaka 45, mtu ambaye mguu wake wa kushoto haufanyi kazi: hao wote walikuwa nje ya mchezo zama za klachi. Leo wanaendesha. Hilo ni jambo kubwa, na hakuna sababu ya kulionea aibu.

Tatizo ni kwamba klachi ilikuwa ngumu kiasi kwamba ilikulazimisha kujifunza mlima. Auto ni laini kiasi kwamba inakuruhusu usijifunze. Na mlima haujali uliingia kwa mlango gani.

NAMNA YA KUONDOKA BILA KUPONDA KIBERITI

Mwenye auto anaweza kuondoka mlimani vizuri kuliko hata mwenye klachi, kwa sababu zile feni za oili zinaongeza nguvu mwanzoni. Anachohitaji ni kuitii kanuni ya machela.

Kanyaga breki kwa mguu wa kulia. Weka D, au kama mlima ni mkali na mzigo ni mzito, weka L ili gari lisibadilishe gia mapema. Vuta hendibreki mpaka ikaze. Sasa hamisha mguu wa kulia kwenye mafuta, kanyaga kidogo kidogo mpaka usikie gari linataka kuondoka, pua inainuka. Injini imeshashika. Shusha hendibreki taratibu huku ukiongeza mafuta. Gari linaondoka bila kurudi hata inchi moja.

Kwenye mlima wa kawaida unaweza kuhamisha mguu haraka kutoka breki kwenda mafuta bila hendibreki. Kwenye mlima mkali wenye watu nyuma, usijipime ubavu. Magari mengine ya Kijapani yana breki ya kuegesha ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Jua ya gari lako inaachiwaje kabla hujafika mlimani. Magari mapya yana kompyuta inayoshikilia breki kwa kama sekunde mbili baada ya kuondoa mguu. IST za mwanzo hazina kitu hicho. Usingojee msaada ambao haukufungwa kiwandani.

Makosa yanayoua giaboksi na yanayoua watu ni haya.

Kushikilia gari kwa mafuta. Foleni mlimani, dereva anakanyaga mafuta kidogo ili gari lisiende wala lisirudi. Anajiona fundi. Kule ndani oili inachemka, kwa sababu nguvu yote isiyogeuka kuwa mwendo inageuka kuwa joto. Oili ikiungua, fundi atakupa bei ya giaboksi nyingine. Ukisimama, simama kwa breki.

Kukanyaga mafuta gari likiwa linarudi. Ukisikia linarudi, breki kwanza. Lisimame kabisa. Halafu uanze upya. Anayekanyaga mafuta kwa hofu ama anaruka mbele kama mshale, ama anakosea pedeli.

Kuegesha kwa P peke yake. P ni jino dogo la chuma ndani ya giaboksi. Ukiegesha mlimani, kanyaga breki, vuta hendibreki, achia breki ya mguu kidogo ili uzito ukae kwenye hendibreki, ndipo uweke P. Ule mlio wa "tok!" unaousikia ukitoa P asubuhi ni lile jino likilalamika kwamba lilibeba gari usiku kucha. Na geuza tairi zielekee ukingoni, ili likichomoka lisifike mbali.

Kuteremka kwa N ili "kubana mafuta". Hapo umeiondoa injini kwenye kazi ya kukushikilia na kuziachia breki peke yake. Breki zikipata moto zinapoteza nguvu. Teremka na 2 au L. Injini itanguruma, iache ingurume.

NYUMA YA GARI KUNA NANI?

Watu wengi wakiongelea gari kurudi nyuma wanaongelea bampa. Kwenye milima ya Karagwe na Kyerwa, nyuma ya gari lililosimama mara nyingi kuna mtu anayetembea kwa miguu. Kuna mtoto wa shule amejificha mvua. Kuna mama amejitwisha ndizi anakwenda gulioni. Kuna bodaboda amebeba abiria wawili, amejibana nyuma ya gari akisubiri lipite. Na mara nyingi kuna vijana walioitwa kusukuma gari lililokwama, mabega yao kwenye buti, miguu kwenye utelezi. Hawa wa mwisho ndio warithi wa moja kwa moja wa utingo. Gari likirudi, hawana pa kukimbilia.

Hapo ndipo ile sentensi ya muuzaji inapokuwa hatari. Anayeamini kwamba gari lake halirudi nyuma haangalii kioo. Mzee wa mtihani wa kiberiti alifundishwa kuogopa kuponda kiberiti, na hofu hiyo ndogo ilimfanya awe na adabu kwa kila kilichokuwa nyuma yake. Wapagazi waliombeba Grant walijua kwamba uzito haupotei. Unahama tu kutoka bega hadi bega. Utingo alijua kwa vidole vyake. Giaboksi ya auto imeuficha uzito huo ndani ya chombo kilichojaa oili, ukawa hauonekani tena, lakini bado upo, kilo 150 zinakuvuta kurudi bondeni.

Kwa hiyo Desemba ikifika, ukiwa umesimama katikati ya mlima na lori la ndizi limekuziba mbele, usikimbilie kuachia breki. Vuta hendibreki. Tazama kioo, umwone aliye nyuma. Ikiwezekana mpungie mkono asogee pembeni. Subiri usikie gari limeshika.

Ndipo uachie.